Wageni wa Kichwani mwa Profesa Odilia

Kichwani mwa Profesa Odilia Mbilinyi kulikuwa na watu wengi kuliko gulioni, na Sekela Kyando, ambaye kazi yake ilikuwa kuwasikiliza, alikuwa amewapenda wote.

Asubuhi ile alikuwa ameketi katika chumba cha usikizi, amevaa masweta mawili, kilemba kichwani, miguu ameikunja chini ya kiti. Mbele yake Profesa naye alikuwa na kilemba chake, kile cha kusikilizwa, kilichofumwa kwa nyuzi za madini laini kama utando wa buibui. Nje ukungu wa mji wa Ikovo ulikuwa umeshuka hadi madirishani, na nyavu za kukingia maji zilidondosha matone yake polepole ndani ya mapipa.

Profesa alikuwa akifanya mazoezi ya hotuba. Kwa mdomo alisema, kwa ile sauti yake ya taratibu ambayo nusu ya walimu wa Ikovo walikuwa wakiiiga bila kujijua, kwamba kila binadamu anahitaji chumba kimoja ambacho mgeni haingii bila kualikwa. Lakini chini ya maneno hayo Sekela alisikia mengine. Alisikia kiatu cha kushoto kikilalamikiwa. Alisikia wimbo wa kitoto kuhusu mbuzi mlevi ukijirudia bila aibu. Kisha ikaja sauti ya mwanamume, nzito, isiyo na wasiwasi wowote, ikasema kwamba mwizi naye hupenda sana chumba cha namna hiyo. Na Profesa, huko huko ndani, akaijibu: Hapo umenipata. Ngoja nifikiri.

Kitufe kilichokuwa kiganjani mwa Sekela kikatetemeka.

Hakukibonyeza, kwa kuwa yalikuwa mazoezi tu. Profesa alipomaliza alivua kilemba, akajikuna kichwa chenye mvi fupi, akauliza kimetetemeka kiasi gani.

"Sana, Profesa," Sekela akajibu, akitazama magoti yake.

"Ni Luvanda tena?"

Sekela akaitikia kwa kichwa; Luvanda ndiye aliyekuwa mpinzani wa Profesa katika mjadala uliokuwa unakuja. Kiapo cha wasikizi kilimkataza kusema ya ndani ya mtu kwa mtu mwingine yeyote, ila mwenyewe aliruhusiwa kuambiwa.

Profesa akacheka hadi akashika kifua. "Huyo mtoto hajui anavyonisumbua. Naamka naye, nakunywa naye chai, naoga naye ananipinga. Marehemu mume wangu angekuwepo, angetaka kujua huyu mwanamume anafanya nini humu ndani."

Sekela naye akacheka, ila si kwa muda mrefu, kwa sababu alikuwa amekwisha kuona kitu ambacho Profesa, kwa furaha yake ya kubishana, hakuwa amekiona.

Zamani za ujana wa Profesa, Ikovo iliongozwa na watu waliosimama mbele ya wananchi wakaahidi maji huku mioyoni mwao wakijua kwamba mabomba yamekwisha kuuzwa. Odilia Mbilinyi, wakati huo mhadhiri mchanga wa falsafa, aliandika kijitabu kimoja chembamba alichokiita Moyo Mmoja. Aliuliza humo swali jepesi: je, kama tungeweza kusikia anachokisema kiongozi kimoyomoyo wakati mdomo wake unasema kingine? Mafundi wakalichukua swali lile wakatengeneza kilemba. Baraza likatunga sheria. Tangu hapo, mtu yeyote aliyetaka kusema barazani juu ya jambo la kupigiwa kura alivaa kilemba, na msikizi aliketi kando yake na taa mbili. Nyeupe iliwaka muda wote moyo na mdomo vilipokwenda pamoja. Vilipoachana, mizani ya ndani ya kilemba ilikitetemesha kitufe, msikizi akakibonyeza, na taa ya rangi ya chungwa ikawaka. Ikiwaka mara ya tatu, msemaji alikaa chini, na hakuruhusiwa kusema tena barazani hadi kufa kwake.

Sheria ilifanya kazi. Wageni kutoka miji ya mbali walikuwa wakija Ikovo kwa treni ya waya kutazama maajabu ya kiongozi mzima, mwenye koti na miwani, akisimama mbele ya watu na kusema, "Sijui."

Sasa Ndugu Gaudensi Luvanda alitaka sheria ivuke mlango wa baraza. Alitaka kilemba shuleni, sokoni, kanisani na msikitini, na mezani pa chakula cha familia. Kila mtu, kila mahali, moyo mmoja. Na aliyekuwa amejitolea kumpinga ni mama yake wa kifikra, mwandishi wa kijitabu chenyewe.

Tatizo lilikuwa lile la kiganjani. Profesa akisema barazani kama alivyosema asubuhi ile, Luvanda wa ndani angemjibu, Profesa wa ndani angekiri kwamba amepatikana, na taa ingewaka. Angekalishwa chini kwa sheria iliyozaliwa kichwani mwake, na Ikovo isingemsikia tena.

*

Desturi ilitaka msikizi mmoja awasikilize wapinzani wote wawili, ili masikio yawe sawa. Kwa hiyo mchana Ndugu Luvanda alikuja kwa zamu yake, akainama kidogo mlangoni kwa sababu ya urefu wake, akamsalimu kamwene kwa unyenyekevu wa watu wa milimani, na kumpa Sekela maparachichi matatu aliyoyafunga ndani ya leso.

Ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kuwashika mkono vikongwe barabarani. Alilala katika chumba kimoja na vitabu na jiko la umeme, na alipochangiwa koti jipya na wafuasi wake alimpa mlinzi wa treni. Kijitabu cha Moyo Mmoja alikuwa nacho mfukoni siku zote, jalada limeshonwa upya kwa uzi wa viatu.

Akavaa kilemba akaanza. Alisema kwamba uongo haulali barazani peke yake. Hulala nyumbani, kitandani, kwenye sahani ya mtoto anayeambiwa baba yuko safarini. Alisema hatakoma hadi mtu wa mwisho wa Ikovo aweze kumtazama jirani yake bila kujiuliza anawaza nini.

Sekela alisikiliza ndani yake. Maneno yalikuwa yale yale. Hakuna kiatu, hakuna mbuzi, hakuna njaa wala mtu wa kukohoa. Sentensi ilipita mdomoni na pacha wake akapita moyoni, wameshikana mikono, halafu ukimya, halafu sentensi nyingine. Ilikuwa kama kuingia kanisani siku ya Jumanne: pamefagiliwa, panang'aa, na mabenchi yote ni matupu. Kitufe kilikuwa kimelala fofofo.

"Unaonaje, dada Sekela?" akauliza alipomaliza. "Mimi Ikovo nzima namwogopa mtu mmoja tu, naye ndiye aliyenifundisha kusoma."

Sekela alitamani kumwambia jambo, lakini hakujua ni jambo gani, na hata angelijua ulimi wake usingelitoa. Ndivyo alivyokuwa tangu utotoni. Darasani alikuwa akijibu maswali yote moyoni, na mwalimu akimpa alama za mtu asiyejua. Usikizi aliuchagua chuoni kwa sababu ilikuwa kazi pekee yenye mshahara ambayo haikumtaka mtu kufungua kinywa. Akasema tu kwamba maparachichi ni mazuri.

Jioni alijikaza akaenda kwa Bwana Tweve, mkuu wa wasikizi, mzee mkavu mwenye masharubu yaliyokatwa kama kwa rula. Bila kumtaja mtu, alimuuliza kama inawezekana sauti iliyomo kichwani mwa mtu isiwe ya mtu huyo. Bwana Tweve aliacha kumenya kiazi, akamkumbusha kanuni ya kwanza waliyofundishwa wote: sauti iliyomo kichwani ni ya mwenye kichwa. Sekela akauliza, karibu kwa kunong'ona, vipi ikiwa ni mgeni.

Bwana Tweve hakukasirika. Alimweleza kwa upole kwamba siku watakapokubali habari ya wageni, kila mwongo atakuwa nao. Mtu atasimama aahidi mabomba, moyoni anajua ameyauza, na akiulizwa atasema aliyeyauza ni mgeni tu, alipita. Kisha akarudia kumenya kiazi chake.

Sekela alirudi nyumbani. Lililomuudhi zaidi ni kwamba Bwana Tweve alikuwa sahihi. Alipokuwa akipasha makande, mzee yule alikuwa bado anaendelea kumweleza, ndani ya kichwa chake, masharubu na yote.

*

Jumba la baraza lilikuwa zamani ghala la kukaushia pareto, na hadi leo siku za unyevu mbao zake zilitoa harufu ya maua yale makali. Siku ya mjadala watu walijaa hadi kwenye ngazi. Waliingia na mablanketi, chupa za chai na watoto wachanga, wakibishana kabla hata mjadala haujaanza.

Luvanda alisema wa kwanza. Taa nyeupe iliwaka mwanzo hadi mwisho, imara kama nyota, na alipokaa watu walipiga makofi ambayo Sekela aliyasikia hadi kwenye meno. Hata waliompinga walipiga makofi. Ilikuwa vigumu kutomheshimu mtu aliyejaa nafsi yake namna ile.

Kisha Profesa akapanda jukwaani, kiatu cha kushoto kikimbana, akavaa kilemba.

Alianza vizuri. Alisema hajaja kukana kitabu chake. Amekuja kukiwekea mlango. Ndani, mbuzi mlevi alipita mara moja akaenda zake. Lakini alipofika kwenye habari ya chumba kisichoingiwa na mgeni, sauti nzito ikainuka kama ilivyotazamiwa, na safari hii ilikuwa na hoja mpya, kali kuliko yoyote ambayo Luvanda wa kweli alikuwa ameisema kwenye hotuba yake. Iliuliza kuhusu mtoto anayepigwa ndani ya chumba hicho. Profesa wa ndani akaitafakari. Kisha akasema: Sina jibu kamili.

Kitufe kikatetemeka. Sekela alikuwa amekula kiapo. Akabonyeza.

Taa ya chungwa ikawaka, na ghala lote likavuta pumzi. Profesa aliitazama taa ile kama mtu aliyeitwa kwa jina na mbwa wake mwenyewe. Akaendelea. Mara ya pili hakufika mbali: alisema kwamba hofu ya kusikika itawafanya watoto waache kuwaza, na ndani Luvanda akamuuliza ana ushahidi gani, naye akajibu kwamba anao kidogo. Kitufe. Chungwa.

Mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti kwamba kumbe hata bibi ni mwongo. Hakuna aliyecheka.

Profesa alikunywa maji. Watu walidhani anaogopa, lakini Sekela, aliyekuwa ndani, alijua sivyo. Mle ndani wale wawili walikuwa bado wanabishana, kwa bidii, kwa heshima, Profesa akijaribu hoja hii na kuiacha, akijaribu ile, akitafuta neno ambalo hata Luvanda angelikubali. Hakuwa akificha kitu. Alikuwa akifanya kazi, mbele ya watu wote, na aliyeiona kazi yenyewe alikuwa Sekela peke yake.

Profesa akafungua kinywa. Kitufe kikaanza kutetemeka.

Sekela akajua ana njia tatu, na zote mbaya. Akibonyeza, mwanamke huyu atanyamaza hadi kaburini. Asipobonyeza, basi yeye ndiye mwongo wa kwanza kukaa kwenye kiti kile. Akieleza alichokisikia, amevunja kiapo, na moyo wa mtu umeanikwa kama nguo. Ndipo alipokumbuka kwamba kulikuwa na kichwa kimoja katika ghala lile ambacho kiapo hakikukilinda.

Akavua kilemba. Akanyoosha mkono juu, kama mtoto wa shule.

Hakuna aliyewahi kumsikia msikizi akiomba kusema. Bwana Tweve alinyanyuka katika kiti chake cha mbele na kusema, kwa mshangao zaidi kuliko ukali, kwamba hilo halipo. Kukawa na zogo. Aliyelimaliza ni Luvanda. Alisimama, akasema sheria inampa kila mkazi mtu mzima haki ya kusema, na msikizi ni mkazi.

"Ila avae kilemba," akaongeza. "Kama sisi sote."

Kwa hiyo Profesa alikaa, Sekela akasimama mahali pake na kile kilemba cha nyuzi laini, kikiwa bado na joto, na Bwana Tweve akaketi kwenye kiti cha msikizi, akavaa kilemba cha usikizi na kukamata kitufe. Sekela aliutazama umati. Umati ulimtazama. Aliamua kuanza na jambo ambalo hakuna awezaye kulipinga.

"Jina langu ni Sekela Kyando."

Taa ya chungwa ikawaka.

Kwanza watu walitazamana. Kisha mwanamke mmoja kwenye ngazi akaangua kicheko, na kicheko kikaenea kama moto wa nyasi hadi watoto wachanga wakaamka. Mtu akapaza sauti kumuuliza kama basi yeye ni nani. Hata Sekela alijikuta anatabasamu. Alisubiri watulie, halafu akamgeukia Bwana Tweve, akasema kwamba kichwa ni chake na anampa ruhusa: awaambie watu alichokisikia.

Bwana Tweve alisafisha koo. Alikuwa mtu wa kanuni, na ruhusa ilikuwa ruhusa. Kwa sauti ya mtu anayesoma hali ya hewa, alieleza kwamba wakati binti alipotaja jina lake, ndani alisikika mwanamke mtu mzima akisema asimame wima na asiongee kama kuku mgonjwa.

"Ni mama yangu," Sekela akasema. "Yuko Mbeya."

Ghala likacheka tena. Bwana Tweve aliendelea bila kubadilisha uso. Alisikika pia Ndugu Luvanda akimwambia kwamba anauharibu mji, na binti akijibu kwamba huenda ni kweli. Na alisikika yeye mwenyewe, Bwana Tweve, akimfokea kuhusu kitufe.

"Na ningependa kusema," akamalizia, "kwamba mimi wa mle ndani ni mkali kuliko nilivyo."

Sekela akaanza kuongea. Aliongea vibaya mwanzoni, akirudia maneno, mikono haijui iende wapi. Aliwaambia kwamba kwa kanuni yao sauti zote zile ni zake, na kwa kuwa zinapingana, yeye ni mwongo hata kwa jina lake. Aliwaambia kwamba amesikiliza vichwa vingi na hatasema neno la kichwa cha mtu, lakini cha kwake anakijua, nacho hakijawahi kuwa na mtu mmoja. Wapo aliowapenda, wapo wanaomtisha, yumo hata mwalimu wa hesabu. Aliposema anaamini kanuni ya kwanza ina kasoro, taa ya chungwa iliwaka mara ya pili, maana Bwana Tweve wa ndani alikuwa amekataa katakata.

Imebaki moja, akawaza. Ikiwaka, hataruhusiwa kusema tena mbele ya watu maisha yake yote. Kwa Sekela wa juzi hiyo ingekuwa zawadi. Alishangaa kugundua kwamba leo hakuitaka.

"Mwongo anajua jambo moja ndani na kutuletea lingine nje," akasema, na sauti yake ikafika hadi kwenye ngazi. "Mimi ndani wananibishia watu kumi. Nimewasikiliza wote, halafu nimechagua neno moja la kuwaletea. Sijui kama kitufe kinaweza kuona tofauti. Labda hakiwezi. Lakini mkimnyamazisha kila anayebishiwa ndani, mtabaki mnaongozwa na wasiobishiwa na mtu."

Wote waliona kitufe kikitetemeka; mkono wa Bwana Tweve ulitetemeka nacho. Mzee alikitazama kwa muda. Kisha akavua kilemba chake, akakiweka juu ya meza, na kitufe akakiweka kando yake, taratibu, kama mtu anayetua kikombe kilichojaa.

Hapo ndipo Luvanda aliposimama tena. Uso wake haukuwa na hasira. Alitaka kujua, na alipotaka kujua alitaka kweli.

"Dada Sekela, mimi nakupa ruhusa mbele ya watu hawa. Ndani mwangu umemsikia nani?"

Sekela angetoa masweta yote mawili ili asijibu. "Wewe, Ndugu."

"Na nani mwingine?"

"Wewe tu." Akatafuta neno la kumfariji. "Ni pasafi sana."

Mtu mmoja alianza kucheka akaacha. Luvanda alibaki amesimama kitambo, mkono mfukoni juu ya kile kijitabu, kama mtu aliyeambiwa nyumba yake haina mlango na ndiyo kwanza anautafuta. Kisha akakaa.

Profesa Odilia akarudi jukwaani, akauliza aliishia wapi, na bila kusubiri jibu akawaeleza watu ile hoja ya mtoto anayepigwa. Aliieleza kwa nguvu zote, vizuri kuliko ambavyo chama kizima cha Luvanda kingeweza, akasema hana jibu kamili, ana nusu, na nusu yenyewe ni hii. Hakuna aliyeangalia taa.

Ikovo hupiga kura kwa miguu: wanaokubali husogea upande wa madirisha. Siku ile watu walihangaika sana katikati ya ghala, wakisogea na kurudi, mke huku mume kule, mablanketi yakikanyagwa. Mwishowe upande wa madirisha ulibaki na nafasi za kutosha kwa mtu kunyoosha miguu. Kilemba hakikuvuka mlango wa baraza. Na kanuni ya kwanza ikarudishwa kwa Bwana Tweve ili aifikirie upya, adhabu ambayo yeye aliichukulia kama heshima.

*

Luvanda hakuonekana kwa muda. Wafuasi wake walisema anasoma. Mwenye duka mmoja alisema anatembea peke yake milimani akijaribu kujisemesha. Kisha siku moja aliinama mlangoni pa chumba cha usikizi, safari hii bila kitu mkononi, na nyuma yake alikuwa Profesa na kapu la nyuzi za kufumia.

"Huyu mtoto anataka wageni," Profesa akasema, akijitupa kwenye kiti. "Nimemwambia wageni hawaletwi na gari. Lakini hasikii, ndiyo sababu tupo hapa."

Luvanda alieleza, macho yakiwa sakafuni, kwamba amejaribu na hawezi. Alitaka asikilizwe, ili aambiwe kama kuna chochote. Sekela alimvalisha kilemba kwa uangalifu kama anayemfunga mtu kidonda.

Maagizo ya Profesa yalikuwa mafupi. Achague hoja ya kwake Profesa anayoichukia kuliko zote. Asiijibu. Aipe kiti, chai, na muda.

Majaribio ya kwanza yalikuwa ya kusikitisha na kuchekesha. Luvanda alimleta ndani Profesa wa bandia, mpole, mwenye sauti nyembamba, aliyesema hoja yake kwa sentensi moja kisha akaomba radhi. Sekela alilazimika kutoa taarifa.

"Anakubaliana na wewe, Ndugu."

"Kwa nini nikubaliane naye?" Profesa wa kweli akauliza, sindano zikisimama. "Mimi hata mume wangu sikukubaliana naye siku ya harusi."

Alikuja kesho yake, na siku zilizofuata. Profesa wa bandia aliacha kuomba radhi. Akaanza kurefusha sentensi. Siku moja alikohoa, na Sekela akafurahi kama aliyesikia mtoto akipiga teke tumboni, lakini hakusema kitu, kwa kuogopa kumfukuza.

Halafu ikaja alasiri moja ya jua, ukungu umepanda, madirisha wazi. Profesa alikuwa amesinzia na ufumaji mapajani. Luvanda alikuwa akieleza kwa sauti, kwa mara ya kumi labda, kwa nini mtu mwema hana cha kuficha, maneno na pacha wao wakipita ndani wameshikana mikono kama kawaida. Alipofika katikati ya sentensi, mle ndani, kwenye yale mabenchi matupu, mtu akasema kwa sauti ya taratibu, isiyo ya Luvanda hata kidogo: Gaudensi, hapo umeruka kitu. Rudi nyuma.

Luvanda akakatiza maneno yake. Akamgeukia Profesa. "Umesema kitu?"

Profesa alifumbua jicho moja. "Mimi nimelala."

Luvanda akamtazama Sekela, na Sekela, mikono yote miwili mdomoni, akatikisa kichwa kuonyesha kwamba si yeye. Yule bwana mrefu akaegemea kiti polepole. Uso wake ukalegea, ukawa wa kijana aliyefunguliwa mlango usiku na watu aliodhani wamehama.

"Samahani," akasema, si kwa mtu yeyote wa chumbani. "Endelea. Nakusikiliza."